Gunia Moja na Debe Mbili

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema, kabla mke wangu Soipan hajakwambia, kwa sababu yeye akisimulia huongeza chumvi.

Jina langu ni Gideon. Mimi ni dalali wa mifugo. Nanunua mbuzi na ng'ombe soko la Kajiado na kuwauza Kitengela, tunakoishi. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini. Mwanzoni niliuziwa ng'ombe wagonjwa, nikauziwa hata beberu nikiambiwa ana miaka miwili, kumbe ni babu. Nililia, nikajifunza. Siku hizi namshika mbuzi mgongoni, karibu na kiuno, nabonyeza kwa vidole. Nikisikia ulaini, najua amenona. Nikigusa mfupa, naenda kwa mwingine.

Basi godoro letu lilipochakaa, nilienda kununua jingine kwa njia hiyo hiyo. Niliingia duka moja kando ya barabara ya Namanga. Magodoro sita yalikuwa yamesimamishwa ukutani. Nikayabonyeza moja moja kwa mkono. La tano lilinimaliza. Vidole vilizama. Nilipovitoa, alama ilibaki pale, ikajaa polepole.

"Hiyo ni memory foam," muuzaji akasema. "Ni sponji inafuata mwili wako."

"Imenona!" nikamwambia. Sikuuliza swali lingine. Nikalibeba.

Nilisahau jambo moja. Mkono wangu hauna uzito wa mwili wangu. Na mwili wangu, rafiki yangu, si wa mchezo.

Wiki ya kwanza nilijisifu. Mwezi wa pili kukawa na shimo upande wangu. Nikawa naamka nimeshika kiuno. Soipan ni mwembamba. Kila akilala upande wake, aliviringika mpaka kwangu. Nikaweka blanketi mbili chini ya shimo. Shimo likahama, likaenda mabegani.

Asubuhi moja nilimkuta Soipan sebuleni. Shuka yake ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kochi.

"Mama Nashipae," nikasema, "umelala hapa?"

"Nimehamia hapa."

"Kwani nimekukosea?"

"Hujanikosea. Lakini mimi si jiwe, Baba Nashipae. Nimechoka kuporomoka."

"Utarudi lini?"

Akanimiminia chai. "Siku kile kitu kitakuwa kitanda. Saa hii ni bonde."

Nilicheka, lakini ndani sikucheka. Tumeoana miaka kumi na saba. Hatukuwa tumewahi kulala vyumba viwili. Siku ya kwanza mtu husema ni godoro. Baada ya mwaka, mtu husema ni mazoea. Nilikuwa nimeona nyumba za watu zikianza hivyo.

Nikamwambia nitanunua lingine siku hiyo hiyo.

"Utaenda na mimi," akasema. "Wewe uende ukiwa peke yako, utaleta lingine limenona."

Tulienda kwa Ndulu. Ndulu ni mama mmoja aliyeshona na kukata magodoro kiwandani Athi River miaka mingi. Sasa ana duka lake Kitengela. Nilipoingia tu, mkono wangu ukaenda wenyewe kubonyeza godoro.

"Wacha hiyo, mzee," Ndulu akasema. "Huku si sokoni. Nani atalala?"

"Sisi wawili," Soipan akajibu. "La kwanza limeingia shimo, na huyu anaamka akiumwa kiuno."

"Mama naona ni kama kilo sitini. Na wewe, mzee?"

"Tisini," nikasema haraka.

Soipan akaangalia dari.

Ndulu hakucheka. Akaniuliza, "Wewe unafanya kazi gani?"

"Dalali wa ng'ombe."

"Muuzaji akikuambia fahali wake ni kilo mia sita, unaamini?"

"Hapana. Watu hudanganya."

"Basi twende kwa mizani."

Jirani yake ni Munguti, muuza mahindi. Ana mizani ya kupima magunia. Nilipanda pale mbele ya wateja. Munguti akasoma, akasoma tena.

"Kilo mia moja ishirini na sita," akasema. "Hiyo ni gunia moja na debe mbili. Unapakia ama unashusha?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, maana ukiwa mnene na huwezi kucheka utateseka mara mbili. Tulirudi dukani.

"Sasa tunaweza kuongea," Ndulu akasema. "Uzito si aibu. Lakini ukinidanganya uzito, nitakuuzia godoro la mtu mwingine. La kwanza lilikuwa inchi ngapi?"

"Sita."

"Na ndani lilikuwa na nini?"

"Memory foam."

"Juu mpaka chini?"

Sikujua. Ndulu akaleta kipande cha godoro kilichokatwa katikati. Kilikuwa na tabaka mbili za rangi tofauti.

"Nyinyi mnaishi Kitengela," akasema. "Mtu akijenga juu ya udongo mweusi bila kuutoa, nini hutokea?"

"Nyumba inapasuka," Soipan akasema. "Lazima uchimbe huo udongo, ujaze murram, ule mwekundu mgumu."

"Haya. Hii ya juu ndiyo memory foam. Kazi yake ni kufuata bega na nyonga, ili usiumie. Haibebi mtu. Hii ya chini ndiyo murram. Hii ndiyo hubeba. La kwenu lilikuwa udongo mweusi mpaka chini. Mtu mwepesi anaweza kulala hapo. Mzito anazama mpaka kwa mbao."

"Kwa hivyo nipe ile gumu kabisa," nikasema. "Kama sakafu."

"Hapana. Hapo unakimbia moto unaingia kwa maji. Ikiwa gumu sana, bega na nyonga zitabeba uzito wote. Utaamka na mkono umekufa ganzi. Mtu mzito anataka godoro gumu kiasi, lenye ulaini kidogo juu."

Soipan akauliza, "Na nitajuaje haitabonyea kama ile nyingine?"

Ndulu akaonyesha karatasi iliyoshonwa pembeni ya godoro.

"Soma hapa. Ukikata sponji ya mita moja kila upande, ina kilo ngapi? Hiyo ndiyo density. Kwa mtu kama mzee, tabaka la juu liwe kilo sitini au zaidi. La chini liwe thelathini na tano au zaidi. Unene wote uwe inchi kumi au zaidi. Na usichanganye mambo. Godoro linaweza kuwa gumu leo na sponji yake ni nyepesi. Baada ya miezi michache, shimo. Kama hakuna karatasi na muuzaji hajui, endelea na safari yako."

Hapo nilimwelewa. Hata mimi mbuzi asiye na historia simnunui.

"Sasa vueni viatu mlale," Ndulu akasema.

"Hapa? Watu wakiona?" Soipan akauliza.

"Nitavuta pazia. Mtu hununua viatu bila kuvaa?"

Nikalala chali. Ndulu akamwambia Soipan aingize mkono chini ya kiuno changu.

"Unaingia?"

"Unaingia, lakini kwa kusukuma kidogo."

"Vizuri. Mkono ukipita bure kama upepo, godoro ni gumu mno. Ukikataa kuingia, amezama. Sasa mzee ageuke alale kwa ubavu. Mama, angalia uti wa mgongo kutoka shingoni mpaka kiunoni. Umenyooka ama umepinda?"

"Umenyooka," Soipan akasema. Kisha akaongeza, "Mara ya kwanza mwaka huu."

"Basi kaeni hapo robo saa. Dakika moja haisemi ukweli. Mwili unataka muda."

Soipan akalala upande wake, mkoba juu ya kifua, macho yameelekea juu kama mtu anayengoja daktari. Mimi nikageuka huku na huku. Nikamsikiliza. Nilitaka kujua jambo moja tu.

"Umeporomoka?" nikamuuliza.

"Bado."

Nikageuka tena, kwa nguvu.

"Na sasa?"

"Niko mahali pangu. Tulia, unavunja duka la watu."

Ndulu alitupa maneno mengine kabla ya kulifunga godoro. Sponji hii hushika joto, kwa hivyo tulichukua lenye kitambaa kinachopitisha hewa. Nyumbani tuliache wazi siku nzima, harufu ya upya itoke. Kila miezi mitatu tuligeuze, upande wa kichwa uende miguuni. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Kitanda chenu kiko na chaga?"

"Ziko. Zile mbao za kubeba godoro."

"Ukilaza vidole vinne katikati ya mbao mbili, vinapita?"

"Hata kiganja chote kinapita. Na mbao mbili zimevunjika."

"Basi hata ningekuuzia godoro la dhahabu, lingezama. Ongeza mbao. Weka mguu mmoja katikati ya kitanda. Halafu mkalale siku thelathini. Likae safi, lifunikwe na shuka. Lisipowafaa, nitawabadilishia au niwarudishie pesa."

Alipokuwa akitusindikiza aliniangalia usoni. "Na mzee, hayo maumivu yanashuka mguuni? Mguu unakufa ganzi?"

"Hapana. Ni kiuno tu, asubuhi."

"Sawa. Siku ikishuka mguuni, usije kwangu. Enda hospitali. Mimi nauza godoro, si dawa."

Nilipigilia mbao sita mpya siku hiyo. Godoro tukaliweka, la zamani likaenda stoo. Siku tatu za kwanza mwili ulilalamika, kama ng'ombe aliyehamishiwa boma jipya. Ya nne niliamka nikainama kufunga viatu bila kusema "uwi". Soipan alikuwa mlangoni, ananitazama. Jioni hiyo alichukua mto wake kutoka kwenye kochi, akaurudisha chumbani. Asubuhi nilimkuta upande wake, mahali pake, kama godoro limechorwa mstari katikati.

Niliishi kwa amani karibu wiki tatu. Kisha akaja kaka yangu Koinet, kutoka Kimana anakolima vitunguu. Koinet amenizidi umri, na tumbo pia. Alifika baada ya ibada ya Jumapili.

"Supa!" akatusalimu kwa Kimaasai.

"Ipa," tukajibu.

Alipita chumbani kuweka koti lake, akarudi akicheka mpaka machozi.

"Gideon, nani amekufa? Kile kitu kinene hivyo ni kitanda ama ni kaburi la chifu?"

"Ni godoro. Mgongo wangu umepona."

"Umetoa nini?"

"Pesa za mbuzi watatu."

"Mbuzi watatu uwalalie!" Akapiga goti lake. "Na nasikia ulipandishwa mizani kama mahindi. Rudisha hiyo kitu. Si nasikia pia umepewa siku thelathini? Bado ziko. Rudisha, ununue ndama, ulale kwa ile ya zamani kama mwanamume."

Nitasema ukweli. Maneno yake yaliniingia. Mimi ni mtu wa kutania wengine. Nikitaniwa mimi, napoteza akili. Nikaanza kuhesabu siku zilizobaki. Nikajisikia nikisema, "Labda mgongo ulikuwa unapona wenyewe..."

Soipan alikuwa akimimina chai. Mkono wake ukasimama.

"Ile ya zamani ilinifukuza mimi," akasema.

"Shemeji, hiyo ni mambo ya kuzoea," Koinet akasema. "Hebu fikiria wazee wetu. Babu yetu alilala wapi? Juu ya ngozi ya ng'ombe! Ngozi moja, chini yake fito. Hakuna sponji, hakuna inchi kumi. Na alitembea mpaka kule mbali Kona Baridi bila kushika kiuno. Ama nadanganya?"

Akajaribu kuinuka achukue kikombe. Akakwama katikati, mkono mmoja kiunoni, akarudi kukaa polepole.

Soipan akamsogezea kikombe mpaka mkononi.

"Hudanganyi, shemeji. Babu yenu alilala juu ya ngozi. Lakini nyama ya huyo ng'ombe aligawana na boma zima. Nyinyi wawili mmeila peke yenu."