Makofi Yetu Si Kibali

Sisi watu wa Kalerwe humpigia mgeni makofi. Akisalimia, makofi. Akikohoa, makofi. Adabu hiyo nusura ituponze.

Naitwa Emérence, mama yake Tresor. Nauza samaki sokoni. Umeme ukikatika jioni, friji inazima na samaki wanaoza. Kwa hiyo Bwana Oryem wa kampuni ya umeme alipotuambia mkutanoni kwamba watajenga betri kubwa nyuma ya nyumba zetu, nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Wiki iliyofuata mafundi walikuja kupima ardhi. Walipigilia kigingi karibu kabisa na dirisha la chumba wanamolala watoto wangu.

"Nani amekubali mjenge hapa?" niliuliza.

"Nyinyi. Si mlipiga makofi mkutanoni?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa jirani yangu Taqwa, fundi wa umeme.

"Dada, hiyo betri ni kitu gani hasa?"

"Ni makontena yaliyojaa betri. Yanahifadhi umeme wakati watu wanatumia kidogo, kisha yanautoa jioni, kila mtu anapopika. Itakufaa."

"Basi ninyamaze?"

"Nani kasema unyamaze? Betri hizo zikiharibika zinaweza kuwaka, na moshi wake una sumu. Ziwe mbali na nyumba. Makontena yasibanane. Gari la zimamoto liwe na njia. Na moto ukitokea, msiende na ndoo! Kaeni mbali na moshi, piteni upande upepo unakotoka, muwaite zimamoto."

"Mbona Bwana Oryem hakusema?"

"Mlimuuliza?"

Tulikuwa tumempigia makofi tu.

Kampuni ilipoitisha mkutano tena, Bwana Oryem alisimama akitabasamu. Watu wakainua mikono kupiga makofi.

"Hakuna makofi!" nilipaza sauti. "Kwanza atujibu. Betri itakaa umbali gani na dirisha langu? Gari la zimamoto litapita wapi?"

Mwenyekiti wetu, Mzee Olweny, alikunja uso. "Mama Tresor, keti! Unamfokea mgeni!"

"Kwani wewe si mkimbizi tu?" mtu mmoja alidakia.

"Ndiyo, nilikimbia vita. Sasa mnataka nikimbie betri pia?"

Watu walicheka. Kisha mmoja mmoja wakaanza kuuliza. Bwana Oryem alifuta jasho. Aliahidi kurudi na majibu, na ujenzi ukasimama mpaka ramani ilipochorwa upya.

Leo makontena yako upande wa pili wa uwanja, mbali na nyumba, yamezungushiwa ukuta. Barabara ya zimamoto iko wazi. Tumefundishwa pa kukimbilia, kwa Kiganda na kwa Kiswahili. Jioni taa zinawaka, na samaki wangu wameganda, wagumu kama mawe.

Lakini jana Mzee Olweny alikuja kwenye meza yangu sokoni.

"Mama Tresor, mwombe Bwana Oryem radhi kwa kumfokea, yaishe."

"Mzee, kama unataka samaki, chagua. Radhi siombi."