Simu ya Ijumaa

Kitu cheupe kilidondoka kutoka juu, kikatua katikati ya dagaa wa Winfrida, kikaviringika kidogo, kikatulia. Ilikuwa asubuhi Katonga, saa ile vipe, mitumbwi ya wavuvi, vimerudi kutoka kuvua, wachuuzi wanagombania migebuka, na bodaboda wanapiga honi utadhani pwani nzima ni yao.

"Nani huyo ananitagia mayai kwenye dagaa?" Winfrida alipaza sauti, mkono kiunoni. Alivaa kitenge cha njano kipya na hakuwa na subira na mtu yeyote.

Akaja mwanaume mrefu anapenya kati ya vichanja, kofia nyeupe, suruali imepigwa pasi kama ya mwanakwaya, na mkono wa kushoto una glavu.

"Mwakeye, dada. Samahani, ni mpira wangu. Nilikuwa napiga kule mchangani, upepo ukauchukua."

"Upepo! Na glavu ya pili nayo imechukuliwa na upepo?"

"Tunavaa moja tu."

"Nyie akina nani?"

"Wacheza gofu."

Wanawake wa pale walicheka mpaka wakashikana mabega. Gofu Kigoma! Lakini hakuwa anatania. Aliitwa Elikana Ntakarutimana, mtoto wa Katubuka, aliyeondoka kijana mdogo kwenda Arusha kuwabebea matajiri mikoba ya fimbo zao, hadi siku moja ikaonekana anapiga kuliko wao. Sasa ilikuwa ndiyo kazi yake: leo Uganda, kesho Zambia, keshokutwa Afrika Kusini. Amekuja nyumbani kupumzika, na mchanga wa ziwani ulikuwa mzuri kwa mazoezi.

"Mpira nitakurudishia ukinunua dagaa," Winfrida alimwambia.

Alinunua dagaa wa kulisha ukoo mzima. Kesho yake akarudi tena, na safari hii hakuja hata na fimbo.

Walipendana haraka, kama wanavyopendana watu wanaojua mmoja wao ataondoka. Jioni walitembea ufukweni, yeye akimfundisha kushika fimbo, Winfrida akimcheka. Huko ndiko alikoelezwa habari ya mchujo.

"Tunacheza siku nne, kuanzia Alhamisi," Elikana alimweleza. "Ijumaa jioni wanatuchuja. Nusu wanaendelea, nusu wanafunga mizigo. Nikiwa bado mchezoni simu naizima hadi Jumapili, kichwa kisitawanyike. Kwa hiyo Ijumaa nisipopiga, furahi. Nikipiga, ujue nimechujwa."

"Kwa hiyo nikupende nikiomba usinipigie?"

"Ego, mama, ndiyo. Mapenzi ya gofu ndivyo yalivyo."

Akasafiri, na simu ikaanza kuita. Ijumaa baada ya Ijumaa iliita, Winfrida akaipokea akiwa na moyo mzito.

"Nimechujwa, Wini."

"Pole, mpenzi wangu. Umekula lakini?"

"Sina hamu."

"Kula. Halafu uniambie lile shimo lililokusumbua, nilitukane kwa Kiha."

Hapo alicheka, na kicheko kile ndicho kilichompa nguvu ya kwenda mji mwingine kujaribu tena. Aliwahi kumwambia hivyo yeye mwenyewe.

Siku ya posa ilipangwa, ikaahirishwa kwa sababu ya safari. Ikapangwa tena, ikaahirishwa tena. Mzee Pastory, babake Winfrida, hakuwa mtu wa kelele, lakini mara ya tatu alisema akiwa amesimama.

"Jumapili hii aje na watu wake. Asipokuja, mimi siozi binti kwa mtu ambaye yuko kwenye simu tu."

Wiki hiyohiyo Elikana akaitwa Lusaka. Lilikuwa shindano la mwisho wa msimu, na watakaofanya vizuri wangepata kadi ya kucheza ziara kubwa ya ng'ambo mwaka mzima. Alimpigia Winfrida akihema kwa furaha.

"Nikichujwa Ijumaa, Jumapili niko kwenu. Nikivuka, nitatafuta namna ya kuongea na mzee. Uniombee, Wini."

"Nitakuombea," alijibu. Hakumwambia asiende. Angemwambiaje, na sauti ile ilivyokuwa imejaa matumaini?

Usiku ule alipiga magoti chumbani kwake Gungu na akaomba. Aliomba achujwe. Alijua ni dhambi, akaomba hivyohivyo huku analia, kwa sababu kuliko kumkosa aliona bora ashindwe arudi.

Ijumaa alasiri alikuwa uani na shangazi Leonia, wanachambua mchele wa Jumapili. Simu ikaita. Jina lilikuwa la Elikana.

Winfrida aliruka na sinia likamwagika. Alipiga vigelegele, na shangazi, ambaye katika maisha yake hajawahi kuuliza sababu ya vigelegele, akavidaka akavipandisha juu zaidi. Ndipo Winfrida akapokea, vigelegele vya shangazi bado vinapaa.

"Umechujwa!" alisema kabla hata ya haloo. "Mungu mkubwa! Nilimwomba akuchuje, na amesikia. Njoo, mpenzi, mchele ndio tunachambua, njoo!"

Upande wa pili kulikuwa na makofi ya watu kwa mbali.

"Wini," Elikana alisema taratibu. "Nimevuka. Niko wa pili."

"Sasa... mbona umepiga? Ukivuka hupigi."

"Leo nimevunja mwiko wangu. Nimeongea na mzee wako sasa hivi, nimemwomba tusogeze hadi Jumapili ijayo. Amekubali. Amenibariki kabisa. Nikasema habari hii siwezi kukaa nayo siku mbili, lazima nikupe. Kumbe uliniombea nishindwe?"

"Niliomba urudi."

"Sivyo ulivyosema."

Simu ikakatika. Alipompigia, ilikuwa imezimwa. Mzee Pastory akaingia uani anasukuma baiskeli, uso umechangamka kuliko walivyouona mwaka mzima.

"Mmeshasikia? Mkwe wangu huyo!"

Shangazi Leonia akainama kuokota mchele chini.

Kadi aliipata. Jumapili alituma ujumbe wa maneno mawili, nimeipata basi, na Winfrida akaandika hongera akaifuta, akaandika tena, akaituma. Wiki iliyofuata Elikana alikuja Kigoma kama alivyoahidi, lakini kwanza alifika Katonga peke yake. Alisimama palepale penye vichanja, bila kofia, bila glavu.

"Ungeniambia nisiende, nisingeenda," alisema.

"Najua. Ndiyo maana sikusema."

"Ijumaa zote zile nilizochujwa, wewe ndiye uliyenifuta machozi. Sasa najiuliza ni ngapi ulizofurahi."

"Hiyo moja tu, Elikana! Naapa kwa Mungu, hiyo moja!"

"Nakuamini." Na kweli alimwamini, macho yake yalionyesha, na hilo ndilo lililomkata Winfrida maini. "Nikiwa hapa nakuamini. Lakini Jumamosi na Jumapili, kila niliposimama kupiga, nilisikia vile vigelegele. Nitacheza vipi mwaka mzima nikivisikia?"

"Tutazoea. Nipe muda, mpenzi. Nipige, nitukane, lakini usiondoke."

Alimshika mkono, mkono unaonuka dagaa, akaubusu.

"Naenda kwa mzee. Nitamwambia kosa ni langu, nimebadili mawazo. Wewe usiseme kitu."

Na hakusema kitu. Mpaka leo Mzee Pastory akisikia habari za michezo redioni huzima na kumlaani yule mhuni aliyemchezea binti, na binti hukaa hapohapo akisikiliza, maana akifungua mdomo atalazimika kusema vigelegele vile vilikuwa vya nini.

Kila Ijumaa Winfrida anarudi mapema kutoka Katonga. Anaweka simu juu ya kigoda na kuchambua mchele wa jioni, wakati jua linashuka upande wa Kongo.

"Hajapiga?" shangazi Leonia huuliza kwa sauti ya chini, baba asisikie.

"Hajapiga, shangazi."

"Pole, mwanangu."

"Usinipe pole," Winfrida husema, hainui uso kutoka kwenye sinia. "Asipopiga, amevuka."