Hakuna Anayeishi Pale

Mmeniganda wiki nzima na habari hii ya Hostetler, na chai yangu inapoa. Haya, kaeni. Ila asije mtu kuniamsha eti anaogopa kwenda chooni peke yake.

Randall Hostetler alitaka kujenga fleti za matajiri katikati ya mji wetu wa Pruett, humu humu Ohio, ambamo hata huyo tajiri mwenyewe humpati. Baraza la mji lilikuwa tayari kumsamehe kodi miaka kumi na mitano, kwa sharti moja: ithibitishwe kwamba mtaa umekufa, hauna mkazi. Randall akainua mkono, akaapa kwamba juu ya duka la viatu, lile la kubomolewa kupisha jengo lake, hakuna anayeishi.

Mjane Lenora Stutz, aliyeishi juu ya duka hilo tangu aolewe, alikuwa amekaa safu ya nyuma, mkoba mapajani.

"Na mimi je, ni kabati?" akauliza.

Watu wakacheka. Mwenyekiti akamwambia hakujiandikisha kuzungumza. Wakapiga kura, ikapita. Lenora akapelekwa nyumba ya wazee, akafa kabla theluji haijaanguka.

Jengo likasimama, vioo vitupu. Randall na mkewe Denise wakachukua ghorofa ya juu. Lilianza jambo dogo: taa za korido, zile zinazowaka mtu akipita, zilimwakia Denise, Randall akipita, giza. Akamlaumu fundi. Kisha lifti ikamfungia mlango usoni. Kisha ikaja harufu ya kabichi chachu na kafuri, na nyuma ya ukuta ndala zikiburutwa taratibu, kama za mtu anayetafuta miwani yake.

"Unasikia?" Randall akanong'ona.

Denise hakugeuka. Alikuwa kwenye simu na dada yake, anamwambia kwamba mume wake hajarudi nyumbani.

Jumapili mchana Denise akamleta Mchungaji Wendell aiombee nyumba, na Randall, ambaye mlango ulikuwa umekataa kumfungukia tangu Ijumaa, akasimama mbele yao akipunga mikono, akamshika mchungaji kola, akapiga kelele hadi koo likakauka, akagonga meza, akagonga kioo, huku chini watu wakipita kutoka kanisani na sahani zao za keki bila hata mmoja kuinua macho, na zile ndala zikatoka nyuma ya ukuta, zikaja juu ya zulia, zikasimama kisogoni pake.

Mchungaji akafunga kitabu.

"Dada Denise, humu hamna mtu."

Wakatoka, wakafunga. Pumzi ya baridi ikamgusa Randall sikio.

"Mwanangu, nani anaishi hapa?"

"Mimi. Randall."

Kitasa hakikutikisika. Akalia, akaahidi kurudi barazani kuufuta ule uongo, akaahidi kubomoa jengo zima. Sauti ikauliza tena, bila haraka, vilevile. Hapo ndipo alipoelewa jibu gani lilitakiwa.

"Lenora Stutz," akasema.

Mlango ukafunguka wenyewe. Akashuka ngazi mbio, anacheka peke yake. Denise alikuwa bado barabarani na mchungaji. Randall akamkamata mkono. Denise akamtazama kwa huruma.

"Wewe bibi, umetoroka tena bila koti? Ingia garini nikurudishe kwa wazee."

Yuko huko hadi leo, chumba cha mwisho. Miaka hamsini hajatimiza. Wanamlisha kwa kijiko, wanamwita Lenora, naye anaitika upesi, asije akachelewa wakaacha kumwita.