Njia Laini

Magurudumu ya Kwea yalijipanua yenyewe yalipogusa mchanga, yakawa mapana kama nyayo za ngamia. Gari hilo halikuwa na usukani. Liliongozwa na ubongo-njia, mtambo uliohifadhi taarifa za safari zote za magari ya jangwani na kuchagua njia salama kuliko nyingine. Mhandisi Kavindu alibakiwa na jaribio moja kabla ya kuliidhinisha lipeleke wageni Mlima Kulal bila mwongozaji.

Mama Qabale, mwongozaji wa mwisho aliyebaki kazini, alikuwa kwenye kiti cha nyuma akilalamika tangu asubuhi.

"Limeshuka lagani tena! Mhandisi, mwambie huyu punda wa bati atoke."

"Kwea, toka humu korongoni, panda ukingo," Kavindu aliagiza kwa mara ya nne.

"Njia hii ni laini," gari lilijibu kwa adabu. "Safari kumi na saba. Ajali sifuri."

"Laini! Huu ni mto, wewe. Umekauka tu."

"Hapa hakuna mvua, mama," Kavindu alisema, akikagua kipimahewa. "Mawingu yako mlimani, kilomita arobaini."

"Na maji ya mlimani huteremkia wapi? Marsabit, kununua sukari?"

Kavindu alivuta breki ya dharura. Gari likasimama, likamkumbusha kwamba anachelewesha safari.

"Kwea, hizo kumi na saba ulizihesabuje?"

"Kila gari hutuma taarifa linapofika. Nimepokea kumi na saba."

"Yaliyoondoka yalikuwa mangapi?"

"Kumi na tisa."

Kavindu alikuwa ameisoma ripoti ya safari hizo mara tatu ofisini, na hakuwahi kuuliza swali hilo.

"Moja kati ya hayo mawili aliliendesha Guyo, mume wangu," Mama Qabale alisema. "Lilipatikana baada ya wiki mbili, limejaa mchanga hadi dirishani. Yeye hatukumpata. Mimi nilidhani nyinyi mnajua."

Kavindu alifungua orodha ya safari, akaandika jina la Guyo na tarehe aliyotajiwa na Mama Qabale. Mahali pa muda wa kufika akapaacha wazi.

"Safari isiyo na muda wa kufika haihesabiki," gari lilisema, likalifuta jina.

Aliliandika tena. Likafutwa tena. Akatukana kwa Kikamba, akafungua fomu ya idhini, akabonyeza KATAA.

Mama Qabale alikuwa ameshateremka garini na kuanza kupanda ukingo, mtungi wa maji begani.

"Kama umemaliza kuandika, Mhandisi, panda huku," alisema bila kugeuka. "Nausikia mto unakuja."