Kidole Chini ya Blanketi

Mdogo wangu Wachuka ni fundi wa mashine za hospitali, na nikisema fundi simaanishi wa kubahatisha. Alisomea. Ninaishi naye hapa kwangu Gatitu, na asubuhi ile ya Julai alitoka akiwa na furaha zake, akanywa chai amesimama, akanicheka kwa kuvaa sweta mbili. Ukungu ulikuwa umelala mpaka mlangoni mwa duka langu la maziwa. Nilimwambia aende salama, nikaendelea kuhudumia wateja.

Kazi aliyopewa ilikuwa moja. Kuna ile mashine ya kumwangalia mgonjwa, yenye kibanio cha kidole. Kibanio kinapitisha mwanga mwekundu kwenye nyama, na kwa mwanga huo mashine inasoma damu inavyotembea na kama imebeba hewa ya kutosha. Sasa huku kwetu mlimani, mwezi kama huo, vidole vya wagonjwa vinaganda, damu inajificha, na mashine inaanza kusema uongo. Inalia ovyo mpaka manesi wanaizoea. Wachuka alikuwa ameitengenezea programu ya kusoma sawasawa hata mgonjwa akitetemeka, na akashona kifuniko cheusi cha kuzuia mwanga wa dirisha. Aliambiwa ikifaulu wodini, ataajiriwa kabisa.

Mgonjwa wa majaribio alikuwa shosho mmoja, mama mzee wa Mwea, kule chini kwenye joto na mashamba ya mpunga, Watiri jina lake, aliyekuja kumwona dada yake Kiganjo na baridi ikamshika kifua. Binti yake, Nduta, alikuwa ameketi kando ya kitanda, mikono ameiingiza chini ya blanketi. Ndivyo tunavyofanya sisi watu wa baridi. Mgonjwa akiganda vidole, unaingiza mikono yako kwake, mnakaa mmeshikana mpaka joto lihamie kwake. Nduta hakuwa amelala tangu atoke Mwea. Alikuwa amelaza kichwa kitandani, usingizi umemchukua.

Wachuka hakutaka kumfunua shosho. Mama mzee hafunuliwi mbele ya madaktari, tena kwenye baridi hiyo. Akapitisha mkono chini ya blanketi, akapapasa, akapata kidole, akakibana. Kilikuwa na joto. Akajua kazi ya Nduta imezaa matunda.

Skrini ikachora mawimbi mazuri ambayo hakuwahi kuyaona tangu aanze kazi ile. Nesi alitaka kumpima shosho kwa mkono, daktari akamwambia, "Wacha alale. Mashine inasema yuko sawa." Mtungi wa oksijeni aliowekewa shosho ukasukumwa kwa mgonjwa mwingine aliyekuwa na shida zaidi. Wakapiga picha, Wachuka katikati, kisha wakaondoka. Yeye akabaki kukusanya nyaya zake.

Saa ya chai Nduta aliamka. Akamwambia Wachuka polepole, "Daktari, mama iko baridi sana."

Mawimbi yalikuwa bado yanapita kwenye skrini. Nduta alimwangukia mama yake kifuani akilia, na Wachuka akainua blanketi kidogo. Shosho alikuwa amekufa. Kibanio kilikuwa kwenye kidole cha Nduta.

Angeita watu. Angesema palepale. Badala yake alikitoa, upesi, kabla nesi hajafika. Akakibana kwenye kidole cha maiti.

Mawimbi hayakukatika. Yaliendelea, ila sasa yalikuwa ya haraka, ya mtu mwenye hofu. Wachuka aliyatazama huku moyo wake ukimdunda, akazima mashine. Nduta akauchukua mkono ule wa mama yake, kibanio kikiwa bado kidoleni, akaukumbatia.

Haya yote sikuyajua wakati huo. Nilichokiona ni mdogo wangu kupata kazi na kuacha kula. Nduta naye alirudi kwao na jina la binti aliyelala mama yake akikata roho, maana ndugu zake walimwambia hivyo kaburini, mbele ya watu. Habari hiyo ilipofika kwa Wachuka, aliondoka mezani akaacha sahani yake imejaa.

Jumapili moja tulikuwa tumetoka kanisani, jua la mchana limejaa sebuleni. Akaja na mashine yake ndogo ya mkononi. Akanibana kidole. Namba zikatokea, mawimbi yakapita.

Kisha akabana chake.

Mstari. Mstari mnyoofu tu. Nikamwambia abadilishe kidole. Akabadilisha. Mstari. Nikarudisha kwangu, ikasoma. Nikaushika mkono wake mimi mwenyewe, hapa chini ya kidole gumba, mahali kila mtu ana mshipa. Nikatafuta. Nikatafuta tena. Palikuwa pametulia.

"Mama Mwai," akaninong'oneza, "niko hai?"

Alikuwa anapumua. Alikuwa analia. Lakini mkononi mwake hapakuwa na kitu, na mimi niliogopa kuuachilia.

Hapo ndipo aliponieleza yote. Sitaficha, nilimgombeza. Nilimwambia kosa la kwanza lingempata mtu yeyote, lakini la pili alilifanya macho wazi, na kuna binti wa watu anabeba mzigo usio wake. Nikamwambia mficha uchi hazai. Wiki hiyohiyo nikafunga duka, nikampeleka Mwea.

Tulimkuta Nduta uani ameanika mpunga juu ya turubai. Nilitarajia kumwona amekonda. Alikuwa amenawiri. Alitukaribisha vizuri, akateleka chai, akamwita Wachuka daktari. Na kabla Wachuka hajafungua mdomo, Nduta akasogea kwangu.

"Wacha niwaonyeshe kitu. Lakini msiseme niko na wazimu." Akaninyooshea mkono. "Shika hapa."

Nikashika. Mshipa wake ulikuwa unapiga, taratibu, wa mtu mwenye afya. Nikataka kuachilia.

"Ngoja," akasema.

Nikangoja. Chini ya mpigo ule kulikuwa na mwingine. Mdogo. Wa haraka. Haukufuatana na wa kwanza hata kidogo.

"Huyo ni mama," Nduta akanong'ona, uso umemng'aa. "Hakuniacha. Wote wanasema nililala, lakini yeye ananijua. Nikimsikia hivi ndio naweza kula."

Uteo wa kupepetea mpunga uliokuwa umeegemezwa ukutani ukaanguka nyuma yetu. Nduta hakushtuka, na mimi sikushtuka. Wachuka ndiye aliyeruka. Na chini ya vidole vyangu, mkononi mwa Nduta, ule mpigo mdogo uliruka pamoja naye.

Nilimtazama mdogo wangu. Jasho lilikuwa linamtoka. Mpigo ulizidi kukimbia.

Wachuka alipiga magoti kando ya turubai akasema. Alisema yote, kuhusu kidole, mtungi wa oksijeni, picha, na jinsi alivyohamisha kibanio. Kila alipofika mahali pagumu nilijua kabla hajasema, maana nilikuwa bado nimeshika mkono ule.

Chai ikachemka ikamwagika motoni, Nduta akiitazama. Hakuna aliyeiondoa.

"Kwa hivyo mama alikuwa anakufa na nyinyi mnapiga picha."

"Ndiyo."

"Na huyu si yeye."

"Si yeye. Ni mimi. Nisamehe, Nduta."

Nduta aliuvuta mkono wake kutoka kwangu. Akafungua leso kichwani, akaifunga pale kwenye mshipa, kwa nguvu, akakaza fundo kwa meno. Hakulia.

"Wewe ulimchukua mama," akasema. "Mimi nitakaa na huu mpigo wako."

Tulirudi bila kunywa chai. Wachuka aliieleza hospitali pia, mashine ikatolewa wodini, kazi ikaisha. Ndugu zake Nduta waliambiwa ukweli, wakamwomba msamaha. Siku hizi mdogo wangu ananisaidia dukani. Anacheka kidogo, anakula. Mkono wake sijawahi kuushika tena.

Mwaka huu, baada ya mvua, aliugua. Homa, kutetemeka, maneno ya ovyo. Nilimpeleka kliniki hapa mjini, wakampima damu, mhudumu akarudi na karatasi akituangalia vibaya. Akauliza ni lini alisafiri kwenda sehemu za joto.

Hakuwa ametoka Gatitu tangu tulipoenda Mwea, na tangu wakati huo mashamba yamevunwa na kupandwa tena. Huku kwetu mbu hakai kama kule Mwea. Lakini damu ilikuwa na malaria, na imejaa. Nilitoka nje nikampigia Nduta simu. Ndugu yake ndiye aliyeipokea. Akasema Nduta hawezi kuongea, yuko kitandani, malaria imemlaza.

Walipona wote wawili siku ileile.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla sijafungua duka, ninampigia Nduta kumuuliza ameamkaje. Anajibu kwa kifupi kwamba ameamka salama. Wachuka husimama nyuma yangu mpaka alisikie jibu hilo, ndipo aende kuwasha moto.