Yai la Kumi na Mbili

Saa kumi na mbili na robo jioni, kama ilivyokuwa kawaida yake tangu astaafu kazi ya upimaji ardhi, Babu Rula alitoka kwenda kuwafungia kuku. Jina hilo alipewa na majirani, kwa sababu hata pumba aliigawa kwa kikombe chenye alama. Alihesabu walioingia bandani: mitetea tisa, jogoo mmoja. Kumi. Akapiga komeo.

Alibaki koo mweusi, aliyekuwa akiatamia ndani ya sanduku, kwenye kona ya ghala. Hiyo ilikuwa siku ya kumi na nane. Zilibaki tatu.

"Baba, waheshimiwa wamelala?" binti yake aliuliza kutoka jikoni. "Njoo basi ule. Kuku wako wanakula kwa ratiba, wewe mpaka uitwe!"

"Nakuja, mama. Na huyo wako, hajambo?"

Binti alijishika tumbo. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Mbili zilizotangulia hazikufika hata mwezi wa nne.

"Yuko kimya tangu asubuhi. Kesho mapema nitakwenda kwa mkunga."

Babu Rula aliingia ghalani, akafunga mlango, akawasha tochi, akaanza kuyapima mayai kwa mwanga, moja baada ya jingine. Kila yai lilikuwa na namba yake ya penseli. Kumi na moja yalikuwa na giza zuri la vifaranga waliokomaa.

La kumi na mbili halikuwa na namba.

Halikuwa lake. Jioni aliyomlaza koo, mwanamke asiyemfahamu alisimama langoni, bila kubisha hodi. Alinuka manyoya yaliyoungua.

"Mzee, kuku wangu amekufa," alinong'ona. "Ameniachia moja tu. Koo wako anisaidie."

Mtu mwingine angemuuliza atokako. Lakini Babu Rula alikuwa na mayai kumi na moja katika kiota cha kumi na mawili, na pengo lile lilimkera kama jiwe la mpaka lililopandwa upogo. Akalipokea. Yai lilikuwa la moto. Kuku amekufa, yai lake la moto... na hilo nalo hakulitilia maanani. Wala hakushangaa mwanamke yule alipouliza, akiondoka: "Na binti yako, mzigo wake unaendeleaje?"

Sasa aliliweka juu ya tochi.

Mwanga ulipenya, mwekundu. Ndani mlikuwa na kitu kilichojikunja. Hakikuwa na bawa. Kilikuwa na mkono, na mkono ulikuwa na vidole. Alivihesabu.

Vitano.

Alilivuta kutoka kwenye mwanga, yai likapinduka.

"Baba!" binti alipiga kelele jikoni. "Baba, amegeuka!"

Babu Rula alisimama kama mti. Kisha, kwa mazoea ya mtu asiyeamini kipimo mpaka akirudie, alilipindua tena. Taratibu. Upande wa kushoto.

"Amegeuka tena! Jamani, huyu mtoto! Kumbe alikuwa ananidekea tu!"

Alitaka kulirudisha chini ya koo, upesi, lisipoe. Koo alilitazama. Akanyanyuka, manyoya yamemsimama, akaenda kujibanza nyuma ya magunia. Hakulirudia. Hata yale kumi na moja hakuyarudia.

Ndipo harufu ilipokuja. Manyoya yaliyoungua...

"Mzee." Sauti ilikuwa kwenye upenyo wa mlango. "Unalipoza."

"Chukua yai lako!"

"Siku ya ishirini na moja. Likishaanguliwa."

"Nikilivunja je?"

Kicheko chembamba.

"Vunja, mzee. Wewe si ndiye bingwa wa hesabu?"

Alisukuma mlango. Ua ulikuwa mtupu. Lango lilikuwa limefungwa kwa ndani, kama alivyoliacha.

Alisimama pale akiwa na uhai wa mjukuu wake mkononi, na ganda lake halikuzidi unene wa kucha. Kulivunja hakuthubutu. Kuliacha lipoe hakuweza. Alifungua vifungo viwili vya shati, akaliweka kwapani, akafunga.

Mezani alikula kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameubana.

"Baba, mbona umejikunja kama koo anayeatamia?"

"Baridi, mwanangu."

"Baridi gani, na jasho hilo!"

Hakusikia. Alikuwa akipiga hesabu. Kwa hesabu ya mkunga, mtoto alibakiwa na wiki tisa. Kwa kuku, siku tatu. Alijumlisha, akatoa, akaanza upya. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kukutana na hesabu mbili za kitu kimoja zilizokataa kabisa kukutana. Labda angeweza kukaa hivyo wiki tisa, asilale, asigeuke. Labda joto la mtu huchelewesha. Labda...

Tk.

Chini ya shati.

Tk. Tk.

Binti aliacha kijiko kikaanguka. Alikaa wima, viganja vyote viwili juu ya tumbo, akisikiliza.

"Baba," alisema polepole. "Hili si teke."

Tk.

"Ni kama... ananidonoa."