Siku Tisa Zisizosomwa

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi mvua ilikuwa bado inanyesha, na ufunguo wa lango la gati ulikuwa bado unaning'inia kwenye msumari wake. Saa hiyo ulipaswa kuwa mkononi mwa mtu. Ziwa lilisomwa kila siku saa kumi na mbili kamili, kabla upepo haujaanza kuyachezea maji.

Binti wa miaka kumi na miwili alikuwa ameketi jikoni, vitabu viwili vikiwa wazi mbele yake. Kimoja kilikuwa cha mwaka huu, kingine cha mwaka jana. Aliweka kidole kwenye tarehe ya leo katika kitabu cha mwaka jana, akaona kwamba siku ile ziwa lilikuwa limeshuka sentimita moja. Akachukua kalamu, na katika kitabu cha mwaka huu akaandika: mita 2, sentimita 53. Ilikuwa siku ya tisa anafanya hivyo.

"Umerudi?" mama yake aliuliza kutoka chumbani.

"Nimerudi, mama."

"Ngapi leo?"

"Mbili hamsini na tatu."

"Linashuka vizuri. Pole na mvua, mwanangu."

Mama alikuwa msoma kipimo wa ziwa. Kwa miaka kumi na minne hakukosa hata siku moja, mpaka alipoteleza kwenye ngazi za gati na kuvunjika mguu wa kulia. Sasa mguu ulikuwa ndani ya plasta, na kazi ilikuwa mikononi mwa binti yake. Shuleni walishampa jina: Sentimita. "Sentimita, ziwa limeamkaje leo?" wenzake walimtania. "Limekunywa chai?"

Mji wao ulibanwa kati ya kilima na maji, mwembamba kama mkanda, na mitaa yake ilikuwa mitatu tu. Ule wa karibu na ziwa uliitwa Mtaa wa Pili, ukafuata wa Tatu, kisha wa Nne. Wageni waliuliza kila mara: wa Kwanza uko wapi? Jibu lilikuwa kuwaonyesha ziwa. Miaka sitini na moja iliyopita maji yalipanda mwezi mzima huku watu wakibishana. Hawa walisema ziwa linapanda, wale walisema ni upepo tu unasukuma mawimbi. Hakuna aliyekuwa na kipimo. Ubishi ulipokwisha, Mtaa wa Kwanza ulikuwa umebaki mapaa tu.

Baada ya hapo nguzo ya chuma yenye alama za sentimita ilisimamishwa mwisho wa gati, na mtu akaajiriwa kuisoma. Kila siku namba yake ilipelekwa ofisi ya maji, na karani akaiandika kwa chaki kwenye ubao wa nje. Watu wa Mtaa wa Pili waliuangalia ubao ule kuliko walivyoliangalia ziwa lenyewe. Kutoka uani kwao waliona matete tu.

Siku tano za kwanza Sentimita alikwenda. Siku ya sita mvua ilikuwa kubwa, njia ya mteremko ilikuwa tope tupu, naye alichelewa kuamka. Namba moja haitamzamisha mtu, alijiambia. Kitabu cha mwaka jana kilikuwa pale pale rafuni. Kesho yake ilikuwa rahisi zaidi.

Mchana huo, alipotoka shule, alipita Mtaa wa Pili kwa fundi cherehani kuchukua sketi ya mama yake. Ilikuwa imepanuliwa upande mmoja ili ipite kwenye plasta. Fundi huyo, mama wa pacha wawili, mtaa mzima ulimwita Mama Pacha. Alikuwa akikanyaga cherehani yake, ambayo miguu yake ilikuwa imeinuliwa juu ya matofali.

"Shikamoo, Mama Pacha."

"Marahaba, Sentimita. Ingia, lakini pita kwenye matofali. Usikanyage sakafu."

"Sakafu imefanyaje?"

"Inatoka jasho tangu juzi. Na choo kimejaa. Wanangu wanapiga hodi vyoo vya Mtaa wa Tatu kama wageni wa heshima." Alicheka, akakata uzi kwa meno. "Dada yangu jana kanipigia simu, eti nihamie kwake kilimani na watoto. Nikamwambia, dada, nimepita kwenye ubao, ziwa linashuka. Haya ni maji ya mvua, yatakauka. Mama yako hajatudanganya hata siku moja."

Sentimita alishika sketi kwa mikono miwili. "Na ubao ungesema linapanda?"

"Saa hizi cherehani hii ingekuwa kwenye mkokoteni. Mbona midomo imekukauka? Umekula wewe?"

Alirudi nyumbani mbio, akautupa mfuko, akachukua ufunguo. Gatini upepo ulikuwa mkali. Alifanya kama mama yake alivyomfundisha: akasoma mara tatu kati ya wimbi na wimbi, akachukua namba ya katikati. Mita 3, sentimita 4. Akasoma upya. Ilikuwa ile ile.

Alifanya hesabu pale pale, maji yakimtiririka usoni. Mara ya mwisho aliposoma kweli, ziwa lilikuwa mbili sitini na moja. Lilikuwa limepanda sentimita arobaini na tatu kwa siku tisa, karibu tano kila siku. Alama nyekundu kwenye nguzo, ambapo maji huingia nyua za Mtaa wa Pili, ilikuwa tatu na ishirini. Zilibaki sentimita kumi na sita. Siku tatu.

Njia ya kujificha ilikuwapo, na aliiona. Kesho angeandika mbili na sabini, keshokutwa mbili na themanini na tano, na kadhalika mpaka kitabu kilifikie ziwa. Hakuna ambaye angejua, na kazi ya mama ingepona. Lakini kitabu kingelifikia ziwa siku ambayo maji yangekuwa yameshamfikia Mama Pacha kitandani.

Alimkuta mama yake amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, ziwa liko tatu sifuri nne."

"Asubuhi ulisema mbili hamsini na tatu."

"Sikwenda. Sijakwenda siku tisa. Nilitazamia kitabu cha mwaka jana."

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Niletee magongo."

"Mama, watakufukuza kazi."

"Nimesema magongo."

Mwendo wa dakika kumi hadi ofisi ya maji uliwachukua dakika arobaini. Walimkuta karani anafunga dirisha.

"Dada! Na mguu huo?"

"Futa ubao. Andika tatu sifuri nne."

"Tatu? Mimi leo nimeandika mbili..."

"Najua ulichoandika. Kimetoka nyumbani kwangu."

"Ni mimi," Sentimita alisema. "Mama hakujua."

Karani alimtazama, kisha akatazama kitambaa cha kufutia ubao. Aliandika namba mpya, akaingia ndani kumpigia simu mwenyekiti wa mtaa. Mama aliketi kwenye benchi, akafungua kitabu.

"Chora mstari mmoja juu ya kila namba. Usifute. Pembeni andika: haikusomwa. Weka jina lako."

"Si tukadirie, mama? Tunajua lilipoanzia na lilipofika."

"Hapana. Ndilo kosa lile lile." Mama aliongea taratibu, kama mtu anayehesabu. "Ungeacha siku ya kwanza tupu, karani angeniuliza mimi, mimi ningekuuliza wewe. Ungegombezwa, yangeisha. Mama Pacha angekuwa hajui, angeuliza. Amedhani anajua, ndiyo maana mpaka sasa anashona. Kazi ikikushinda, sema imekushinda. Usiijaze kwa kitu ambacho hukukiona."

Sentimita alichora mistari tisa na kusaini mara tisa.

Jioni ile kipaza sauti kilipita Mtaa wa Pili. Kesho yake, Jumanne, ziwa lilisomwa tatu sifuri tisa, na familia ishirini na tatu zilianza kuhama. Sentimita alikwenda kwa Mama Pacha, akamwambia mwenyewe alichofanya. Mama Pacha alisikiliza huku akifunga kamba. Hakumwita kwa jina lolote. "Shika upande huo," alisema tu, na wakainua cherehani pamoja.

Jumatano barua ililetwa. Msoma kipimo alishukuriwa kwa miaka kumi na minne, na kuombwa kukabidhi vitabu na ufunguo mwisho wa mwezi. Mama aliisoma mara moja, akaikunja.

Alhamisi asubuhi ziwa lilikuwa tatu ishirini na mbili. Saa tisa na nusu alasiri ukuta wa nyuma wa nyumba ya Mama Pacha ulianguka. Saa kumi paa likafuata. Ndani hapakuwa na mtu.